Pasipoti ya Prossy na Milima Nisiyoiona

Kosa ni langu. Nalisema mwanzo kabisa ili asitokee mtu wa kunitafutia udhuru, maana sisi wa hapa Maskati tunajuana: mtu wetu akifanya ubaya tunasema ana presha, au kapigwa jicho, au ni hili joto. Si jicho wala si joto. Ni mimi, mwanamke wa miaka arobaini na sita, mwenye shahada yangu na ofisi yenye jina langu mlangoni, niliyemnyang'anya msichana wa watu siku yake kubwa kwa sababu nilitaka kupiga picha mbele ya ziwa.

Ndiyo, ziwa! Endelea kusoma, utanidharau vizuri zaidi.

Nina wifi, dada mkubwa wa mume wangu. Wifi hasafiri kwa ajili ya macho yake, anasafiri kwa ajili ya kundi la WhatsApp la familia. Mwaka juzi Georgia. Mwaka jana Uswisi, picha mia mbili, ng'ombe kila pembe, na yeye katikati ya ng'ombe na miwani yake. Kila Ijumaa tukikutana kula ananigeukia kwa ile sauti ya kuhani msiba: "Na nyie mwaka huu? Salala tena, hapahapa Omani?"

Sasa mwenye akili angecheka na kuongeza wali. Mimi nilikwenda nyumbani nikafungua kompyuta.

Nikaamua Kanada. Si Toronto, Toronto kila mtu ana binamu. Kanada ya magharibi, milimani, kwa gari: kuanzia Vancouver mpaka Banff, halafu ile barabara inayopita kando ya mito ya barafu mpaka Jasper, siku kumi na nne, mwisho wa Julai, Maskati inapochemka. Nikatengeneza ratiba, tena ofisini, saa za kazi, watu wamepanga foleni nje wanangoja saini yangu! Kijani kwa maziwa, buluu kwa barafu, waridi kwa mahali pa kupiga picha. Niliandika mpaka muda wa kushangaa. Wallahi tena: "Saa nne na robo mpaka saa nne na dakika arubaini, kutazama ziwa." Nikaichapisha, nikaitia plastiki, nikaibandika kwenye friji, mahali ambapo wifi akija kuchukua maji lazima aione.

Gari niliyoikodi ilikuwa ya viti saba. Mimi, mume wangu, watoto watatu, na mama mkwe ambaye tunaishi naye Madinat Qaboos. Hao sita. Kiti cha saba ndicho kilichoniangamiza.

Maana sisi hatusafiri bila mfanyakazi. Hata Dubai siku mbili tunamchukua. Tunasema ni mmoja wa familia, na ni kweli, ndiye pekee katika familia anayeosha vyombo. Mama mkwe ana sukari, hali chakula cha hotelini, anataka wali wake na mchuzi wake wa papa. Zile nyumba za mbao za kule milimani zina jiko. Jiko lipo, mpishi nani? Mimi? Na picha nani atapiga?

Basi nikaandika jina la Prossy.

Prossy si jina lake, ila linafanana nalo. Ni Mganda wa Masaka, alikaa kwangu miaka sita na nusu. Mtoto wangu wa mwisho alijifunza kutembea ameshika kidole chake, si changu. Mwezi wa kwanza mwaka ule alikuwa ameshanijia jikoni, mikono nyuma, akaniambia kuna mwalimu wa kwao anataka kumuoa na wazee wamekubaliana siku: Jumamosi ya katikati ya Julai. Kwao wanaita kwanjula. Mwanamume anakuja na wazee wake na zawadi, anajitambulisha kwa wazazi wa msichana, na msichana anatoka kuonekana mbele ya watu. Bila hiyo hakuna ndoa.

"Madam, naomba likizo ya hiyo wiki. Miaka yote sijaomba."

Nikamwambia hewala, mabruk, hata nikamkumbatia. Nilikuwa mwema sana siku hiyo, maana haikunigharimu kitu.

Tangu hapo kila Ijumaa yake ya mapumziko alikwenda Hamriya kwa fundi mmoja wa Kihindi kushonesha gomesi, lile vazi lao la mabega yaliyochongoka na mshipi mpana kiunoni. Fundi hajawahi kuliona maishani. Prossy alimpelekea picha kwenye simu, akashona, akafumua, akashona tena, mpaka mabega yakasimama. La zambarau, lina maua ya dhahabu. Alinivalia nilione. Nikamwambia zuri, huku nahesabu siku za visa.

Pasipoti yake nilikuwa nayo mimi. Usinitolee macho! Kila mmoja wetu anajua haifai, na kila mmoja wetu anazo kwenye droo, chini ya hati za gari, "kwa usalama." Mwezi wa sita nikaitoa nikaiweka pamoja na zetu, nikampa wakala mwenye kiofisi palepale Hamriya, ghorofa ya juu, mtaa uleule wa fundi wa gomesi. Prossy nikampeleka kuchukuliwa alama za vidole. Aliponiuliza za nini, nikamjibu: "Za kuhuisha bataka yako ya ukaazi."

Akaniambia, "Shukran madam."

Kichwani mwangu nilikuwa nimeshapanga. Nitamwambia karibu na safari, atafurahi. Kanada! Nani anakataa Kanada? Na hiyo kwanjula yao ni sherehe ya shamba, mbuzi na mahema, wataisogeza mbele. Hivyo ndivyo nilivyowaza, na naandika vilevile nilivyowaza ili mnione nilivyo.

Wiki mbili kabla ya siku yake akaja na sanduku limeshafungwa.

"Madam, naomba pasipoti yangu. Kaka yangu anataka kukata tiketi."

"Pasipoti imekwenda kugongwa visa," nikasema, na nikatabasamu! "Unakwenda na sisi Kanada, Prossy! Milima, barafu, maziwa. Wenzako wote watakuonea gere."

Hakutabasamu. Alikaa chini, kwenye sakafu ya jikoni, kitu ambacho hakuwahi kukifanya mbele yangu.

"Visa ya nani aliomba? Mimi sikuomba Kanada, madam. Mimi niliomba nyumbani."

"Waambie wasogeze."

"Mahema wamelipia. Watu wamealikwa, wa kwetu na wa kwake. Baba yangu ni mzee, amewaita wazee wenzake. Madam, pliizi. Hiyo kwanjula ni mimi. Bila mimi ni ya nani?"

Mama mkwe alikuwa mezani anapima sukari yake. Akaweka mashine chini. "Mwanangu, nnakuuliza, huyu mtoto wa watu hana mama? Mpe kitu chake aende kwao. Mie nnakula mkate na chai siku kumi na nne, sifi."

Mume wangu aliondoa macho kwenye simu akasema, "Fanya unavyoona," akarudi kwenye simu. Hilo ndilo neno lake tangu anioe, na kaburini kwake nitaliandika hilo.

Nikampigia wakala. Na hapa, msomaji, ndipo ungamo langu lilipo. Yaliyotangulia ni tamaa na uongo, watu wanayo. Hili la sasa nililifanya macho makavu.

Wakala aliniambia inawezekana kuirudisha pasipoti ya Prossy, ndani ya siku nne tano itafika. Lakini faili ni moja, pasipoti saba zimekwenda pamoja, zitarudi zote pamoja bila kugongwa. Tukianza upya hatuwahi kiangazi. Akaniuliza, "Nizirudishe?"

Prossy alikuwa mbele yangu, ananitazama mdomo. Nikaitazama friji. Ratiba ile inang'aa, kijani na buluu na waridi.

Nikamwambia wakala, "Ziache."

Nikakata simu nikamgeukia Prossy nikasema haiwezekani tena, zimeshatoka nchini, haziko mikononi mwetu. Uongo wa pili! Na nikaongeza, nikiwa mwema vilevile, "Mola hakupenda." Nilimsingizia Mungu kazi yangu mwenyewe.

Jumamosi ile ikafika. Baba yake alikataa kuahirisha, akasema hawezi kurudisha wageni wa watu kama mwizi, basi binti ataonekana kwa simu. Asubuhi Prossy akaoga, akavaa gomesi, akafunga mshipi, akapaka wanja. Akaisimamisha simu jikoni kwangu, ameiegemeza kwenye kopo la mchele, na yeye akasimama mbele ya makabati, viatu vya visigino juu ya sakafu aliyoipiga deki mwenyewe alfajiri. Nilisikia ngoma kutoka kwenye simu, na watu wanapiga vigelegele.

Na siku hiyohiyo nilikuwa nimemwalika wifi kuja kuiona ratiba.

Wifi amekaa sebuleni, anaigeuzageuza ile plastiki, mdomo kaupinda. Chai haijatoka. Nikaenda mpaka mlango wa jikoni, nikamkuta Prossy amepiga magoti, kichwa kainamisha kwa simu, anawaamkia wazee. Na mimi nikasema, "Prossy. Chai ya mgeni."

Nilisema. Mdomo huu huu.

Akainuka. Akamimina chai akiwa na lile gomesi, akaitia iliki, akaibeba kwenye sinia mpaka sebuleni, akampa wifi kwa mkono wa kulia, mabega ya zambarau yamesimama. Wifi akauliza, "Huyu leo ana nini?" Nikamjibu, "Sijui, mambo yao."

Aliporudi jikoni simu ilikuwa imekatika. Baadaye alimwambia mama mkwe yaliyotokea. Mjomba wa yule mwalimu alikuwa mzee mkali. Kule Masaka aliiona simu inashikiliwa hewani, akaona binti kainuka katikati ya maamkizi kaondoka, jiko tupu linawatazama. Akasimama akauliza: "Tumekuja kuomba mtu au tumekuja kuomba simu?" Wakapakia zawadi zao kwenye lori, wakaondoka. Baba yake Prossy alibaki chini ya hema na chakula cha watu mia tatu.

Pasipoti zilirudi Jumatatu. Jumatatu! Saba, zimegongwa vizuri. Nilimpa yake. Akaifungua ukurasa wenye visa ya Kanada, akautazama muda mrefu, akaifunga.

"Khalas, madam. Nipe tiketi ya nyumbani."

Sikuwa na uso wa kumwambia hapana. Aliondoka Jumatano. Mtoto wangu wa mwisho alijifungia chooni, hakutoka mpaka teksi ilipopiga kona.

Na sisi tukaenda Kanada. Ulidhani niliahirisha? Nilikwenda! Kiti cha saba tulikiwekea masanduku.

Misitu ya kule ilikuwa inaungua. Moshi ulishuka mabondeni ukalala, hauendi wala haurudi. Siku kumi na nne sijaona mlima. Tunasimama kwenye vibao vyenye majina ya vilele, tunasoma, tunainua macho, na mbele yetu ni kijivu tu, kama vumbi la magereji ya Wadi Kabir kwetu Maskati. Ziwa langu nililiona mita kumi za mwanzo. Mchana naendesha nakohoa, jioni napika, kwa sababu mpishi nilimfukuza kwa roho yangu mbaya. Mchuzi unaungua, watoto wanauliza mbona si kama wa Prossy. Mama mkwe alishusha kioo mara moja, akachungulia, akapandisha. "Mie nnaona moshi tu. Moshi hata jikoni upo."

Hilo ndilo neno refu aliloniambia safari nzima. Tuliporudi akafungasha nguo zake akahamia kwa wifi. Na wifi alipoziona picha kwenye kundi aliandika neno moja: "Mbona kijivu?"

Yule mwalimu ameoa msichana mwingine wa palepale. Prossy sijui yuko wapi, namba yake haipatikani kwangu. Gomesi aliliacha limetundikwa chumbani kwake, limepigwa pasi. Msichana tuliyemleta badala yake aliniuliza juzi ni la nani, nikamjibu ni la mtu aliyelisahau. Uongo mwingine, na safari hii hata sikuwa na safari ya kuutetea.

Sasa nyinyi dada zangu mnaosoma haya huku mnaguna "maskini Prossy", acheni kuguna. Nawajua. Na nyinyi mna ratiba, mna wifi, mna droo. Mfanyakazi akikuomba siku yake, ni siku yake, haina nyingine. Kamrudishie pasipoti yake mkononi, leo, kabla hujaanza kuangalia picha za maziwa. Usijiambie wewe ni mwema. Mimi nilikuwa mwema mpaka mwisho.

Na usiniamini hata mimi. Nimeandika yote haya, nimelia mara mbili, na pasipoti ya huyu msichana mpya iko kwenye droo ileile, chini ya hati za gari. Ananipigia pasi hapo nje. Ngoja niinuke nikampe.