Gitaa Langu Lilibaki Hotelini

Kazi yangu ya kwanza ya kudumu kama mwanamuziki ilikuwa kupiga gitaa bila kusikika. Sijisifu, lakini niliifanya vizuri sana.

Ilikuwa katika hoteli moja ya Kibagabaga, yenye bustani iliyonyolewa kama kichwa cha askari, na wageni waliokula chakula cha mchana cha Jumapili polepole kana kwamba wanalipwa kukitafuna. Tulikuwa watatu. Mimi na gitaa. Mpiga ngoma, jirani yangu wa Niboye, mtu mkubwa na mpole. Na mwimbaji wetu, dada anayeshona nguo Nyamirambo siku za kazi, mwenye sauti ambayo ingefika ng'ambo ya bonde kama angeruhusiwa. Hakuruhusiwa. Meneja, mtu wa makamo aliyekulia Kampala, alikuwa mpenzi mkubwa wa muziki. Alituambia hivyo mwenyewe. Kisha katikati ya wimbo wa kwanza akaja kuniinamia sikioni.

"Muziki iko safi sana, sha, rafiki yangu. Lakini iko inasikika."

Jumapili ya pili alimwomba mpiga ngoma aweke vijiti chini, atumie viganja. Ya tatu, vidole. Ya nne akamletea kayamba. Kufikia mwezi wa pili mwenzetu alikuwa anakaa tu nyuma ya ngoma zake, shati limepigwa pasi, anatabasamu, kwa sababu meneja alisema ngoma zinapendeza kwenye picha. Nilimwonea wivu kidogo. Ni wanamuziki wachache hapa Kigali waliowahi kufika kiwango hicho, cha kuajiriwa kwa uso.

Mama yangu ndiye aliyefaidika zaidi na hoteli ile. Alinilea Bujumbura, katika mtaa wa Waswahili, kabla hatujarudi Rwanda, na kwa miaka mingi alikosa la kuwajibu wanawake wenzake wa kanisani walipomuuliza mwanao anafanya nini. Sasa alijibu, "Yuko hotelini." Hakuongopa. Wao wakaelewa mhasibu, naye akawaacha waelewe. Kuja kunisikiliza hakuwahi. Nilipofanya mazoezi nyumbani alifunga mlango wa chumba chake taratibu, akisema ananipa nafasi.

Jumapili moja meneja alikuja mapema na vifaa vya kurekodia, akatuambia tupige tunavyotaka, kwa nguvu zote, iwe kumbukumbu. Tulidhani ameokoka. Ngoma zilipigwa kwa vijiti, dada akaimba mpaka wapishi wakatoka jikoni, na mimi kwa furaha nikapotea kabisa katikati ya wimbo wa tatu, nikapiga noti mbili zisizo za dunia hii kabla ya kurudi njiani. Siku chache baadaye ukaja ujumbe kwenye simu: muziki umesimama hadi ukarabati wa bustani uishe. Sikujiuliza nyasi zinakarabatiwa vipi. Mwanamuziki anayejenga maisha yake haulizi maswali ya kilimo.

Baada ya majuma kadhaa nilimpeleka mama kupimwa presha kwenye hospitali ya kule kule Kibagabaga. Ilikuwa Jumanne. Tulipomaliza, akasema ana njaa, na anataka kula pale ninapofanya kazi. Nilimweleza habari ya ukarabati. Akaniambia mafundi nao wanakula.

Bustani ilikuwa vilevile, nyasi zilezile. Tuliagiza mishikaki na ndizi. Mama aliinua uma, akausimamisha hewani.

"Mbona wewe uko hapa," akauliza, "na gitaa lako liko kule?"

Nilisikiliza. Kweli, chini ya mwavuli wa kaunta palikuwa na spika, na ndani ya spika nilikuwamo mimi. Sauti ilikuwa ndogo, maana spika ina kitufe cha kupunguza na sisi hatukuwa nacho. "Jumapili njema, wageni wetu wapendwa," dada alitusalimu, hiyo Jumanne. Wimbo wa tatu ulipofika, mama aliweka uma chini.

"Subiri," akasema. "Hapa unapotea." Nikapotea. "Haya, umerudi."

Nilimuuliza amejuaje.

"Unapotea hapo hapo tangu mwaka juzi. Kwani mlango ni ukuta?"

Nikamwongezea mshikaki mmoja kutoka sahani yangu. Meneja alipopita, mama alimwita.

"Mwanangu, huyu mnamfanyisha kazi akiwa amekaa anakula na mimi?"

"Mukecuru, bibi yangu, hii ni rekodi tu. Hata yeye anapata faida, jina yake inajulikana."

"Jina lake umeliandika wapi?"

Meneja aliangalia spika, akaangalia ukuta, akasema ataleta chai, bure.

Jioni ile nilikwenda Nyamirambo kumweleza dada. Alimalizia tu pindo la gauni. Lakini Jumapili iliyofuata akaenda hotelini peke yake, tepu ya kupimia ikiwa bado shingoni, akasimama kando ya spika na kuimba sauti ya pili juu ya sauti yake mwenyewe, wazi, bila kuomba ruhusa. Wageni walidhani ni onyesho. Walipiga makofi. Naye meneja, mpenzi wa muziki, akamwajiri papo hapo: aimbe juu ya rekodi, kila Jumapili.

Dada alikuja Niboye kutuuliza kama akubali, amekaa kwenye ukingo wa kiti kama mtu aliyeleta habari za msiba. Nilimwambia akubali. Ana watoto wawili, na mimi si mtu wa kumzuia mwenzangu kufanya kazi na mpiga gitaa mzuri kuliko mimi, anayekuja kwa wakati na hali chochote. Mpiga ngoma aliuliza kama wanahitaji tabasamu. Baadaye, peke yangu, niliona uchungu zaidi ya nilivyotegemea. Kushindwa na kijana wa chuo cha muziki ningevumilia. Nilikuwa nimeshindwa na mimi.

Dada alidumu Jumapili tano. Ya sita alibisha hodi kwetu saa saba mchana, akiwa bado na vazi la kuimbia.

"Nimeacha," akasema. "Yule wewe wa kwenye spika hanisubiri, kaka. Nikivuta pumzi kidogo, ameshapita. Nikigeuka nyuma hakuna mtu wa kumtazama."

Mama alimletea maji, kisha akatangaza, kama anayesoma matangazo ya misa, kwamba mwanamke mmoja wa jumuiya yao anaozesha binti Jumamosi na anatafuta watu wa kupiga muziki kwenye sherehe ya mahari. Aliwaambia ana mtoto mwanamuziki. Walishangaa, walijua ni mhasibu.

Sherehe kama hizo ndizo tunazoishi nazo sasa, mahari na harusi, mchana kweupe, chini ya mahema. Wasemaji wa familia mbili hubishana kwa saa tatu kuhusu ng'ombe ambao kila mtu anajua wapo, na sisi tunapewa nyimbo mbili wakati watu wanatafuta sahani. Jumamosi ile ya kwanza dada alikosa kuingia kwenye ubeti, pumzi ilimwishia. Nikarudia mapigo yale yale kwenye gitaa mara moja zaidi, nikimtazama, mpaka akaingia.