Gari ya Kumkomoa Ami

Watu wakiniuliza kwa nini nilinunua gari ya umeme, huwajibu kwamba petroli Pemba ina siku zake, leo ipo, kesho foleni imefika barabarani. Hilo ni kweli, lakini siyo sababu. Nilinunua gari ili nimkomoe ami yangu, mdogo wake marehemu baba, na sijapata kununua kitu kwa raha kama ile.

Ami alikuwa na gari nyeusi, ya juu, gari ya kwanza yenye kiyoyozi kuonekana kijijini kwetu Mgogoni. Kwetu mwenye gari haombwi siku ya harusi, mambo yanajulikana. Akiolewa mtoto wa ukoo, gari inaoshwa, inafungwa maua, inampeleka bibi harusi kwa mumewe. Binti yangu, wa pekee, alipoposwa na watu wa Wambaa, ami mwenyewe alisema mbele ya wazee kwamba mtoto atatoka na gari yake. Mimi ni mpambaji wa maharusi, ndiyo kazi inayonilisha. Siku ilipofika nilimpamba mwanangu kwa mikono yangu, kuanzia hina ya miguuni mpaka asumini za kichwani, kisha tukakaa kungoja. Adhuhuri ikapita. Wa Wambaa wanapiga simu. Nikatuma mtu kwa ami, akarudi na jibu moja, kwamba gari imeshapata ahadi. Kumbe alikuwa amempa rafiki yake wa mjini aende nayo matembezini.

Siku ile barabarani hapakupita kitu ila pikapu ya dagaa, inarudi Wambaa tupu. Tuliimwagia maji ndoo kwa ndoo, tukaitandika jamvi na kuweka kiti. Mwanangu akapanda na hina yake. Mjukuu wa ami, msichana aliyelelewa na babu yake na aliyekuwa bado anasoma, akapanda naye bila ya kuambiwa, akasimama njia nzima ameshika kanga juu ya kichwa cha bibi harusi kuzuia jua na vumbi. Tulipofika, wanawake wa Wambaa walianza vigelegele, halafu harufu ikawafikia, na vigelegele vikakatikia njiani. Mmoja akasema bibi harusi kaja na kitoweo chake. Wakacheka. Mwanangu alikuwa ameinamisha kichwa, na mimi sikuweza kuuona uso wake.

Wiki ile ile nilimfuata ami nyumbani kwake nimuulize. Alikuwa amekaa barazani na wenziwe. Hakuniomba hata nikae.

"Mtoto wa mwanamke aliyeachwa," alisema, "ulitaka apelekwe na ndege?"

Wenziwe wakatazama chini, mmoja akakohoa. Mimi niliondoka, na tangu siku hiyo kila bibi harusi niliyempamba, kila kope niliyoibandika, nilikuwa naiwekea akiba gari. Ilinichukua miaka, na sikuchoka hata siku moja, maana hasira ilikuwa inanipikia na kunipakulia.

Duka la magari lilikuwa Unguja. Muuzaji, kijana mmoja mpole, aliniwekea mbili za umeme mbele yangu nichague. Ya kwanza kubwa, nyeupe, safu tatu za viti, paa la kioo, ya juu hata kupanda inabidi ushike mkono wa mlangoni. Ya pili ndogo yake, ya kijani iliyofifia, ya watu watano, nayo imenyanyuka vya kutosha kwa njia zetu za mashimo, ila haina majivuno. Akaanza kunisifia ile kubwa. Ikijaa chaji mara moja, inakwenda mwendo ambao hapa visiwani huwezi kuumaliza. Nikamwambia mimi nikitoka Mkoani nikafika Konde nimeshamaliza nchi, nikiendelea naingia baharini. Akacheka, akaniuliza basi matumizi yangu ni yepi ya kila siku.

Nilimwambia matumizi ya halali. Nabeba mazulia ya maharusi, makapu ya maua, mapazia na taa. Nakaa Tibirinzi, kwenye kichochoro ambacho hata mkokoteni ukiingia lazima urudi kinyumenyume. Umeme wetu mchana hukatika, basi nataka gari nitakayoichomeka nyumbani kama friji, usiku ilale, asubuhi tuondoke. Nataka ipite kwenye tope la masika. Yote haya yalielekea ile ndogo, na kijana aliona hivyo, akaacha kuisifia ile kubwa. Ile kubwa ilitaka fundi aje afunge kisanduku chake ukutani, na kichochoroni kwangu isingepata hata pa kugeuzia.

Lakini nilipanda ile kubwa, nikakaa kwenye usukani, na nikamwona ami. Nilimwona yuko chini kule, kwenye baraza yake, amenyanyua shingo kama kuku anayetazama mwewe, na mimi niko juu na miwani yangu. Nilisikia utamu mpaka kwenye meno. Kwa ajili ya picha ile moja nilikuwa tayari kulala na gari barabarani na mapambo yangu yakanyeshewe.

Kilichonizuia ni kanga. Kabla ya kuvuka kuja Unguja nilikuwa nimekwenda kuipima njia inayopita mbele ya nyumba ya ami. Nyumba aliyoniachia mama, ninamoweka viti vyangu vya maharusi, iko nyuma ya kwake, na njia ni ile moja tu. Zamani ilikuwa pana, mpaka ami alipoivuta baraza yake mbele na kula nusu. Sikutaka anione na kamba, basi nilichukua kanga, nikajifanya naikung'uta na kuikunja, huku napima kutoka ukingo wa baraza mpaka kwenye shina la mkarafuu wa upande wa pili. Njia ilikuwa urefu wa kanga moja, ukiongeza nusu ya upana wake. Kanga yenyewe nilikuja nayo kwenye mkoba.

Nikashuka garini, nikaitandaza kwenye pua ya ile nyeupe, kutoka kioo cha pembeni mpaka kioo cha pembeni. Muuzaji alisimama ananitazama, nadhani alifikiri naifanyia dua. Hata kwa kukunja vioo, haikupita. Nikarudia kupima, nikavuta kanga mpaka uzi ukalia, haikupita. Nikaenda kwa ile ya kijani. Ilipita, na nafasi ya kiganja ikabaki kila upande.

Nilisimama pale nikafikiri sana. Kwa ile kubwa ningekuwa juu, lakini ningeiacha barabarani na kupita mbele ya ami kwa miguu, na viatu vyangu mkononi, kama nilivyopita maisha yangu yote. Kwa ile ndogo ningepita puani mwake. Nikasema nipe ya kijani. Kijana alinipongeza, akasema wateja wengi huchagua kwa macho, mimi nimechagua kwa akili. Mpaka leo Tibirinzi nzima inanisifu kwa hilo, na mimi huwaachia wasifu.

Gari ilishuka bandarini Mkoani wakati karafuu zimeiva. Hapo ndipo nilipojua Mungu ananipenda. Ami alikuwa na tabia ya kuanika karafuu zake pale pale njiani, majamvi mawili yamelala kutoka barazani mpaka kwenye mkarafuu, na wapita njia wakizunguka vichakani. Mimi sikuwa mpita njia tena. Nilikuwa nachagua saa ya jua kali, karafuu zimeanza kuwa nyekundu kama kahawia, naingia taratibu. Gari ya umeme haina ngurumo. Ami amekaa, kanipa mgongo, anazungumza, na mimi niko nyuma yake hatua chache. Sipigi honi. Nangoja. Mwenziwe mmoja ndiye anayeniona, anamgusa, naye anageuka na kushtuka mpaka kofia inamwenda upande. Hapo lazima ainuke, ashike pembe ya jamvi, akunje, avute, na karafuu zinamwagika. Nampa salamu nzuri, napita. Nikishapakia kiti kimoja narudi, akiwa ndiyo kwanza amemaliza kutandika upya. Halafu nakumbuka nimesahau kiti cha pili.

Roho yangu ilikuwa kwatu. Nilikuwa nakwenda Mgogoni hata wiki isiyokuwa na harusi, hata pasipokuwa na kiti cha kuchukua. Ami hakunena kitu, na angenena nini, njia ni ya watu wote. Gari yake nyeusi ilikuwa imeshakufa injini, iko nyuma ya nyumba, kuku wanatagia kwenye kiti cha mbele.

Kisha yule mjukuu wake akaposwa, naye na watu wa Wambaa. Ami alikuja Tibirinzi mwenyewe, kwa miguu kutoka stendi, kanzu imelowa jasho. Nilimkaribisha, nikampa maji. Alizunguka sana, akaniuliza afya, akanisifia kazi, akamkumbuka marehemu baba, mwisho akafika, kwamba mtoto anahitaji gari ya kumtoa. Nilikuwa nimelisubiri neno hilo miaka, na jibu lilikuwa limekaa tayari ulimini.

"Gari imeshapata ahadi, ami."

Alinielewa papo hapo. Aliweka gilasi chini, akaaga, akaondoka. Mimi nilicheka peke yangu jikoni, nikapika pilau siku ya kazi.

Lakini kumpamba bibi harusi sikukataa, kazi ni kazi, tena msichana hakunikosea. Alikuja kwangu kutiwa hina. Hakunitajia gari. Nilipomuuliza mwenyewe atatokaje, alisema bila ya kununa.

"Mie nshasema na mwenye pikapu ya dagaa. Kaniambia ataiosha."

Nilikuwa nimeshika mkono wake, namchora kwenye kiwiko. Mkono ule ule uliosimamisha kanga njia nzima. Nilikumbuka kwamba jioni ya siku ile alishindwa kuunyanyua hata kujilisha, nikamlisha mimi. Nikamwambia akae kimya asiniharibie ua. Nilipomaliza nikamwambia amwambie mwenye pikapu asijisumbue.

Siku ya harusi nilifika Mgogoni na gari imefungwa asumini. Njia ilikuwa nyeupe, majamvi yameondolewa tangu asubuhi. Msichana alipokwisha kuwaaga wazee na kuingia garini, ami alikuja dirishani kwangu, akainama, macho yamemjaa maji.

"Mwanangu," alisema, "basi yameisha."

"Hayajaisha," nikamwambia. "Huyu nampeleka kwa ajili yake yeye. Wewe bado."

Nikaondosha gari, nikijiona nimesema maneno ambayo hayawezi kuongezwa wala kupunguzwa.

Wambaa walitupokea kwa vigelegele vizima. Bibi harusi akashushwa, akaingizwa ndani. Nilibaki nje naondoa maua, mwanangu akanijia na mtoto wake kiunoni. Alifungua mlango wa mbele, akaweka kiganja kwenye kiti, akakipapasa. Akaniuliza kama ni kweli kwamba kila wiki ninampitia babu na gari hii. Nikamwambia ni kweli, nikamhadithia habari za majamvi, na kofia ilivyokwenda upande, na kiti cha pili. Nilidhani atacheka, hakucheka.

"Yote hayo kwa ajili yangu?" aliuliza.

Nikamwambia kwa ajili ya nani tena.

"Basi mbona mie simo?"

Miezi yote ile gari ilikuwa ikitoka Tibirinzi na kuelekea Mgogoni tu. Wambaa nilikuwa nikija kwa simu. Mjukuu wangu alikuwa anaigusa gari ile kwa mara ya kwanza, na mama yake pia. Nilisimama na maua mkononi, na aibu iliyonishika ilikuwa mbaya kuliko ile ya harufu ya dagaa.

Sikupata hata nafasi ya kujitetea. Mwanangu aliingia ndani, akaaga, akarudi amevaa mtandio mwingine, akakaa mbele na mtoto mapajani.

"Nipeleke kwa babu," alisema.

Tulipofika Mgogoni, ami alikuwa barazani na wageni wa harusi, wanampa pongezi, wanakula visheti. Mwanangu akaniambia nisimamishe. Akashusha kioo. Gari ilikuwa karibu mno na baraza hata hakuhitaji kunyanyua sauti.

"Shikamoo, babu. Nimekuja kukuaga. Siku ile sikuwahi."

Wageni wakaacha kutafuna. Ami aliitikia marahaba, lakini ilitoka kidogo sana. Alimtazama mwanangu, kisha mtoto, ambaye alikuwa hajapata kumwona. Akanyoosha mkono dirishani kumshika.

Mwanangu alipandisha kioo taratibu, mpaka ami akauondoa mkono wake mwenyewe.

"Twende, mama," alisema. "Mtoto ana njaa."