Mbegu Moja ya Kuchungulia

Mume wangu Anatoli ni mtu wa kuchungulia. Simsengenyi, maana nimemwambia usoni mpaka nimechoka. Aliponiposa alikuja kwetu Ushirombo mara nne, kila mara "kusalimia tu," hadi baba akamuuliza kama amepoteza kitu pale nyumbani. Alipokwenda Geita kuchimba dhahabu, alichimba shimo likamfika kiunoni, akarudi. Walioliendeleza shimo lile walijenga nyumba za bati. Hilo sitaki kulizungumza.

Nazungumzia Saba Saba ya mwaka sitini na nane. Kiwanda cha pamba alichofanyia kazi, upande wa Mhunze, kiliandaa mashindano ya karata kwa wafanyakazi, na zawadi ilikuwa moja tu: cherehani. Mimi nilifundishwa ushonaji na masista, na mwaka wa pili sasa nilikuwa nashona kwa mkono, vidole vimejaa matundu. Niliitaka cherehani ile kuliko kitu chochote.

Walicheza pokeri kwa mbegu za pamba badala ya pesa, padri asije akagomba. Kila raundi unatoa mbegu moja ya kukalia kiti, unapewa karata tano. Zikiwa nzuri unaongeza mbegu nyingi umtishe mwenzako. Zikiwa mbovu unazilaza, unasubiri nyingine. Katikati ipo njia ya Anatoli: unaongeza mbegu moja tu, uingie uone mambo yanakwendaje.

Alasiri walibaki wawili, yeye na Otmar, fundi wa mitambo. Anatoli alikuwa na mbegu thelathini. Akipata karata mbovu, anaongeza moja. Otmar anaongeza tano, Anatoli analaza. Raundi nyingine, vilevile. Yaani mtu anakwisha kwa kuchungulia! Zilipobaki tisa nilimvuta nyuma ya ghala.

"Baba Limi, mbovu zilaze mapema. Nzuri, weka zote. Hii moja moja inatumaliza, gete, kweli kabisa!"

"Nimekusikia, Mama Limi."

Akarudi, akalaza mara mbili kama nilivyomwambia. Zikabaki saba. Raundi iliyofuata nilisimama nyuma yake nikaona wafalme wawili. Nikashika mdomo nisipige vigelegele. Anatoli akazitazama, akakohoa, akaongeza mbegu moja.

Nilitamani kumzaba kofi mbele za watu. Kwa bei rahisi hiyo Otmar naye akaingia, akatupa karata tatu zisizomfaa, akachukua tatu mpya kama mchezo unavyoruhusu. Ndipo Anatoli akapata ushujaa, akasukuma mbegu zake tano zilizobaki. Otmar akasukuma tano, akafunua karata tatu zenye namba nne. Karata tatu zinazofanana hushinda mbili, hata hizo mbili zikiwa wafalme.

Otmar hakutamba. Alikuja kunipa pole.

"Shemeji, mwanzoni nilikuwa na nne mbili tu. Angeongeza hata mbegu tatu, ningezilaza."

Nikamgeukia mume wangu. "Umesikia?"

"Nilitaka kwanza nione yeye atafanyaje," akasema, kwa upole uleule unaonichosha.

Tuliona wote Otmar alichofanya. Aliifunga cherehani nyuma ya baiskeli yake kwa mpira, ampelekee mkewe Coletha, ambaye hata kutia uzi kwenye sindano hajui. Na Anatoli wangu alikuwa amemshikia baiskeli isiyumbe.