Hello Bila Shikamoo

Neno la kwanza nililofundishwa kazini lilikuwa hello. Miaka ile ya Ujamaa nilikuwa binti aliye kwenye majaribio ya kazi ya kuunganisha simu mjini Kigoma, na msimamizi alinirudisha kwenye neno hilo mpaka koo likakauka. Hakutaka "haloo" ya mtaani. Alitaka hello nyepesi, yenye kuinuka mwishoni. Nyumbani Buzebazeba nikawa nalifanyia mazoezi huku nachambua dagaa. Baba akauliza maana yake.

"Ni salamu, baba."

"Ya mdogo kwa mkubwa, au ya mkubwa kwa mdogo?"

"Ya wote."

"Basi hiyo si salamu. Usiniletee humu ndani."

Kisha mama akaugua, akawa hali chakula. Kaka yangu alikuwa karani Dar es Salaam, na baba akaja kazini kwetu kumpigia aje haraka. Nilimwunganisha mwenyewe, msimamizi kasimama nyuma yangu. Sheria ilijulikana: ukishaunganisha, unafunga mdomo, dakika tatu zikiisha, unakata.

"Simu ya Kigoma, ni baba yako," nilimwambia kaka, nikawaachia laini.

"Hello?" akasema kaka. "Hello, baba! Hello!"

Kwenye kioo cha kibanda cha simu nilimwona baba amekaza shingo, simu sikioni, anasubiri. Nilijua anasubiri nini. Mtoto hajamwamkia, na baba hawezi kuanza yeye. Kaka naye, akidhani laini ni mbovu, akazidisha: hello, hello, hello. Jamani! Mama yuko kitandani, na wanaume wawili wazima wanasubiriana! Dakika ya pili ikapita. Nilitamani kuwachapa wote wawili.

"Kaka, mwamkie baba!" nikapiga kelele kwenye laini.

"Shikamoo baba!"

"Marahaba mwanangu. Mama yako mgonjwa sana. Njoo."

Nikakata kwa wakati. Msimamizi hakujali wakati. Aliniambia nivue visikilizio vya masikioni, niende nyumbani, nisirudi.

Kaka alikuja na treni, na mama akapata nafuu, akawa anajinywea uji mwenyewe. Jioni moja baba akawasimulia majirani jinsi alivyomwita mwanawe kwa simu, maneno machache tu, mtoto huyo akafika. Nilikuwa palepale, nawamiminia chai. Hakuna aliyeuliza kwa nini siku hizi nashinda nyumbani.