Bunduki, Koti na Buti

Siku nyingi kabla ya kupata leseni nilikuwa nimeshakata shauri kwamba sitanunua bunduki ya kisasa yenye darubini juu. Nilitaka ya wenzo, ile ambayo nyuma ya triga ina kitanzi cha chuma. Unakisukuma mbele kwa vidole, ganda linaruka nje. Unakirudisha, risasi nyingine inaingia. Wenzangu kwenye kiwanda cha mikate huku Scarborough, mjini Toronto, walinicheka, wakasema hiyo ni bunduki ya vizee. Mmoja tu hakucheka, naye ni mwindaji, akaniahidi kwamba msimu wa kulungu ukifunguliwa atanichukua kwenda naye porini. Baba yangu kule Tabora alikuwa na gobori ambalo sikuwahi kuruhusiwa hata kulipangusa vumbi. Sasa ndevu zangu zina mvi na bado jambo hilo linaniudhi.

Duka la bunduki liko karibu na mwisho wa njia ya basi, ubavuni mwa saluni ya kucha. Niliiona ukutani mara tu nilipoingia. Ilikuwa ya zamani, mtutu una mikwaruzo, mbao zake zimekuwa nyeusi kwa jasho la mikono. Muuzaji, bwana mmoja mnene na mpole, alisema mke wa mwenyewe ndiye aliyeileta, pamoja na koti la mumewe la kuwindia, buti zake na kofia, vyote kwenye mfuko mmoja. Duka linanunua bunduki tu, lakini mama yule aliacha kila kitu juu ya meza akaenda zake.

Sikuuliza zaidi. Kwetu mke akishatoa nje koti na viatu vya mumewe, hakuna kilichobaki cha kuuliza. Nilisema Mungu amrehemu, kwa Kiswahili, na muuzaji akatikisa kichwa kwa adabu bila kujua anaitikia nini.

Nilipoiweka begani, shavu langu lilitua mahali palipolika. Kwenye kitako palikuwa na kibonde kidogo, laini, kilichochimbwa na shavu la mtu mwingine kwa miaka mingi, na kutoka humo ikaja harufu ya tumbaku ya kiko. Ningekuwa na akili timamu ningeirudisha ukutani. Lakini niliipenda, tena niliipenda kama mjinga, nikatoka nayo dukani ikiwa na kufuli lake.

Niliiweka chumbani kwenye kabati la chuma, risasi nikazifungia mahali pengine kama sheria inavyotaka. Nakaa peke yangu ghorofani na sijawahi kuvuta hata sigara. Wiki ile ile nilianza kusikia harufu ya kiko. Nikirudi asubuhi kutoka zamu, nikifungua mlango, naikuta imekaa sebuleni. Nilifungua madirisha, nikafua mapazia, nikamlalamikia msimamizi wa jengo, naye akapanda, akanusa kila pembe, akasema hasikii kitu. Aliniangalia kwa namna ambayo sikuipenda.

Dada yangu, ambaye ndiye mkubwa wetu na ambaye kila Jumamosi huja kukagua kama ninakula, aliinusa kabla hajavua viatu. Dada anahudumia wazee kwenye nyumba ya kutunzia wazee, wengi wamemfia mikononi, na mambo ya vifo hatanii nayo. Akauliza ni nani amekuja. Nilipomweleza habari ya bunduki, mke, koti na buti, alirudi nyuma hadi kwenye korido akabaki amesimama huko na mfuko wake wa ndizi.

Akanikumbusha baba alipokufa. Gobori lake liliegemezwa nyuma ya mlango, na mpaka matanga yalipoisha hakuna aliyeligusa, hata watoto walipita mbali. Ndipo baba mdogo akalichukua, akampaka kaka yetu unga mikononi, akamkabidhi mbele ya watu wote. Kabla ya hapo lilikuwa bado mali ya marehemu, na anayechukua mali ya marehemu bila kukabidhiwa anaishi nayo pamoja na mwenyewe.

"Mdogo wangu," akasema kutoka kule korido, "umeingiza mtu ndani ya nyumba na hujamkaribisha. Mimi sikanyagi humu mpaka uende kwa mjane wake."

Nilimwambia tuko Toronto, bunduki nimeinunua kihalali, na karatasi zote zina jina langu. Akaniachia ndizi mlangoni akaondoka. Nilikasirika kweli, maana ni yeye aliyenilea, na nyumba ambayo haingii sijui niiite nyumba ya nani.

Kwa ubishi huo huo nilikwenda kuijaribu. Kiwanja cha shabaha kiko nje ya jiji, kaskazini, kimezungukwa na miti ambayo wakati huo ilikuwa imeshapukutika. Asubuhi ile kulikuwa na ukungu na sisi tulikuwa wachache. Nililaza mifuko ya mchanga mezani, nikalenga, nikapumua kama tulivyofundishwa, nikafyatua. Kishindo kilinipiga begani, ganda likaruka, na kwa mara ya kwanza niliuona wenzo ukienda na kurudi mkononi mwangu bila kusitasita. Nilicheka peke yangu kwa furaha, nikafyatua tena na tena. Kisha nikatazama karatasi ya shabaha. Risasi zangu zote zilikuwa zimekwenda kushoto, mbali na katikati, na zilikuwa zimekusanyika pamoja mahali pamoja, kama za mtu anayejua kulenga ambaye alikuwa analenga kitu kingine.

Mzee anayesimamia kiwanja alikuja kuangalia. Aliangalia shabaha, akaangalia bunduki, akaiomba, nami nikaifungua nikampa. Aliigeuza kidogo tu, akanirudishia kwa mikono miwili.

"Hii naijua," akasema. Mwenye bunduki alipigia shabaha kwenye meza ile ile niliyokaa, miaka na miaka. Jicho lake la kulia lilimharibikia, naye hakutaka kubadili bega, akawa anainamisha kichwa juu ya kitako na kutazama kwa la kushoto, na vilengeo akavisogeza vilingane na kichwa chake. Siku hizi haji tena, akasema, na uso ukamsawijika. Sikumuuliza alikufa lini na kwa nini. Kwetu mtu aliyeumia hahojiwi.

Alinionyesha jinsi yule bwana alivyokuwa akiinama. Nikainama vivyo hivyo, shingo imepinda, shavu nimelivusha upande wa pili, nikatazama kwa jicho la kushoto. Harufu ya kiko ikanijaa puani. Nikafyatua, na risasi ikaenda katikati kabisa. Niliogopa, nasema wazi, niliogopa kuinua kichwa kwa sababu sikuwa na hakika kwamba kitakachoinuka ni changu.

Nikamwomba mzee namba ya simu ya yule mama. Alimpigia kwanza yeye, kisha akanipa. Kwenye simu nilimwambia tu kwamba mimi ndiye niliyenunua bunduki na ningependa kuja kumsalimu na dada yangu. Pole ya msiba haitolewi kwa simu, unakwenda. Akasema tuje Jumapili mchana.

Dada alipika wali, kuku na maharage, akavaa gauni jeusi na kitenge juu yake, akabeba vyungu kwenye basi bila kuniruhusu nimsaidie. Mimi nilikuwa na bahasha ya rambirambi. Nyumba ilikuwa ndogo ya matofali, ya chini, pazia limefungwa mchana kweupe. Mama alifungua mlango, mwembamba, macho mekundu. Dada hakusema mengi. Aliweka vyungu chini, akamkumbatia, akamwambia pole sana, tumeumia pamoja nawe. Na yule mama, mzungu ambaye hakuwa anatujua, aliangusha kichwa begani kwa dada akalia kwa muda mrefu, na dada akalia naye. Nami nikalengwalengwa na machozi, nikaweka bahasha mezani nikakaa.

Ndipo nikasikia harufu ya kiko. Halafu kukohoa, chumba cha pili, na ndara zikiburuzwa sakafuni.

Aliyeingia nilimtambua kwa shingo kabla sijafika usoni. Kichwa kimeinama upande, jicho la kulia jeupe, la kushoto linanitazama. Nikamsikia dada akivuta pumzi ndani na kutoirudisha. Mzee yule alitutazama mmoja mmoja. Aliitazama nguo nyeusi ya dada, vyungu, mkewe aliyelowa machozi, bahasha.

"Nani amekufa?" akauliza.

Akauliza tena, taratibu, kwa sauti ya mtu ambaye ameshaanza kukisia.

Dada ndiye aliyetuokoa. Wazee wa aina hiyo ndio kazi yake, na alimjua alivyo kabla mimi sijaanza kupumua. Alisimama, akamshika mkono, akamwambia hakuna aliyekufa, baba, chakula kimefika, akamketisha na kumpakulia. Mzee akala. Alikula chakula cha msiba wake mwenyewe, akaongezewa, akasifia kuku. Jikoni mkewe aliniambia kwa kunong'ona kwamba hajamwona akila hivyo tangu majira ya joto.

Pia aliniambia yaliyobaki. Akili ya mumewe inaondoka kidogo kidogo. Siku moja asubuhi alimkuta dirishani, amevaa koti na buti, ameinama juu ya bunduki, anamlenga jirani aliyekuwa akikusanya majani, akisema kulungu huyo ni mkubwa. Wakati mumewe amelala, yeye alikusanya kila kitu akakitoa. Mzee anadhani bunduki iko kwa fundi. Anaiulizia kila siku, na hiyo ni moja ya habari chache asizosahau. Akanisihi nisimwambie.

Niliporudi sebuleni mzee alinishika kifundo cha mkono. Vidole vyake vilikuwa na nguvu. Alinivuta hadi pua yake ikagusa bega langu la kulia, pale ninapoegemeza kitako, akanusa.

"Wewe ndiye fundi," akasema.

Nilimtazama dada, dada akatazama chini. Nikasema ndiyo.

"Usiniharibie vilengeo. Nikipata nafuu nakuja kuichukua."

Nikasema sawa, mzee, nakutunzia.

Kwenye basi dada akasema sasa hataogopa kuingia kwangu, kwa kuwa hakuna marehemu humo. Lakini, akaongeza, nimemwahidi mwenye bunduki kwa mdomo wangu, akiwa hai, na karatasi za duka hazifuti ahadi. Msimu wa kulungu ulipofunguliwa mwenzangu wa kiwandani alinipigia, nikamwambia ninaumwa mgongo. Bunduki iko kabatini, imepakwa mafuta, sijaigusa isipokuwa kuifuta.

Yule mama hunipigia mara kwa mara, siku ambazo mzee hatulii, na kumpa simu. Ananiuliza kama iko tayari, nami namwambia bado kidogo, kuna kipuri kinasubiriwa. Anashukuru, anasema hana haraka. Namwombea afya, na ninaomba kwa moyo kabisa, dada anaweza kushuhudia. Lakini kila namba ya nyumba yao inapotokea kwenye simu yangu, kabla sijajua ni sauti ya mzee nitakayoisikia au ya mkewe mwenye habari ya msiba, kuna kitu kinanirukia kifuani, na mpaka ninapobonyeza kupokea ninajua vizuri kwamba kitu hicho ni furaha.