Santuri Iliyoita Msiba

Kaka yangu alikwenda kwenye migodi ya Zambia nikiwa darasa la tatu, na kilichorudi ni gramafoni. Aliileta rafiki yake wa Ilomba, Mbeya, aliyefanya naye kazi huko. Alishuka kwenye basi pale kwetu Igowole ameifunga kwa shuka, akakaa ukingoni mwa kigoda, na chai hakuinywa. Alisema kaka alitoka kambini jioni moja kwenda dukani, na tangu hapo hakuna aliyemwona. Hapakuwa na maiti wala kaburi. Ndani ya lile shuka, pamoja na gramafoni, kulikuwa na santuri moja tu.

Baba mkubwa na wazee wa ukoo walitaka tuzike nguo zake, tunyoe nywele, yaishe. Mama alikataa. "Mimi siziki shati," aliwaambia, akaapa kwamba atakayemlilia mwanawe atamtoa uwanjani kwa mwiko. Walimjua, wakaliacha.

Basi tukaishi hivyo. Kila jioni mama alimtengea kaka ugali, akaufunika kwa bakuli, na asubuhi akawapa kuku. Kila jua lilipotoka alizianika betri za gramafoni kwenye ungo kando ya maharage, kama tulivyofanya sote betri zikichoka, ila hakuna aliyeruhusiwa kuipiga. "Akija aikute nzima," alisema. Nilimpenda kaka, lakini ule ugali ulinichosha. Nyumba yetu haikuwa ya msiba na wala haikuwa ya furaha, na mimi ni mtu nisiyependa mambo ya katikati.

Baadaye nikaenda sekondari Iringa. Huko shuleni, mtaa wa Kihesa, wasichana wenzangu waliuzungumzia muziki wa soul kwa kunong'ona, na mimi nilitikisa kichwa kama mjuzi ilhali sijawahi kuusikia. Niliporudi likizo ilikuwa majira ya baridi. Ukungu ulikuwa umeshuka hadi ukisimama mlangoni huoni choo. Mchana mmoja mama alinipa zile betri.

"Hazijaona jua siku nyingi," alisema. "Hebu jaribu, uone kama gramafoni bado iko hai."

Akaenda zake jikoni. Nikaitoa santuri. Kwenye jalada palikuwa na picha ya mwanamume aliyegeuza uso pembeni, kama mtu asiyetaka kutambuliwa, na chini yake neno lile la wasichana wa Kihesa. Nikaweka sindano.

Nilitarajia muziki wa kucheza. Masikio yangu yalijua magitaa ya bendi za redioni na kwaya ya kanisani, basi. Kilichoanza ni kinanda, kilekile cha kanisani, nusura nisimame. Ikafuata ngoma ya polepole, ya mtu anayetembea huku akigeuka nyuma. Halafu yule mwanamume. Aliimba kidogo, akaacha, akasema maneno ya kawaida kana kwamba anaongea na mtu aliyemo chumbani, kisha sauti ikamkatika akapiga ukelele. Nyuma yake wanawake walimwitikia kwa chini, bila mshangao, kama waliopata habari kabla yake. Kiingereza changu kilikuwa cha daftarini. Nilishika habari za nyumbani, na za kungoja.

Hii niliijua. Ndivyo wanawake wetu wanavyolia msibani: mmoja anaongea na marehemu huku analia, wenzake wanaitikia. Mwanamume tu ndiye ambaye sikuwahi kumsikia akifanya hivyo. Niliogopa, na sikutaka iishe.

Kati ya wimbo na wimbo mtu alicheka, kwa mbali, kicheko kifupi cha puani.

Mama alikuwa mlangoni na mwiko mkononi. "Nani amecheka?"

"Watu wa kwenye santuri, mama."

"Kaka yako anacheka hivyo."

Nilitaka kumbishia, lakini kweli ndivyo alivyokuwa akicheka.

Hapo ndipo kilio kiliposikika nje. Jirani wa bondeni alikuwa amesikia mwanamume analia nyumbani kwetu na wanawake wanamwitikia, na kwetu ukisikia kilio huulizi. Unajifunga kanga, unabeba kuni, unaanza kulia ukiwa bado njiani. Na kwetu angeliliwa nani mwingine? Walitokeza mmojammoja kutoka kwenye weupe ule wa ukungu, vichwa vimefunikwa, na kuni na unga, wakimwita kaka. "Mwanangu, umetuacha njiani." Bibi mmoja alimwita "mume wangu", kama bibi zetu wanavyowaita wajukuu. Nyuma yangu yule mwanamume aliwajibu, na wanawake wake wakawajibu, hadi sikujua tena nani yuko ndani na nani yuko nje.

Nilingoja mwiko. Mama alisimama palepale mlangoni. Jirani akamshika mikono yote miwili.

"Pole, dada. Habari imefika lini?"

Angesema tu kwamba hakuna habari, wangegeuza na kuni zao. Mama alimtazama, akaitazama gramafoni.

"Imefika leo," alisema.

Akauweka mwiko chini. Akaingia, akakaa sakafuni pasipo mkeka, mahali anapokaa mama wa marehemu, akanyoosha miguu, akalia. Sikuwahi kumsikia mama akilia, na sauti yake sikuitambua.

Santuri iliendelea, kisha betri zikaanza kuisha. Sauti ya yule mwanamume ikawa nzito, ikapunguza mwendo, ikawa ya mzee, halafu ya mzee zaidi, kana kwamba anaimaliza mbele yetu miaka yote ambayo hakuipata. Wanawake walinyamaza wakamsikiliza. Akazidi kuzama, hadi akakoma.

Kwa mazoea nikazitoa betri, nikanyoosha mkono kuuchukua ungo.

"Usianike tena," mama alisema kutoka sakafuni. "Mwache apumzike."