Kisima cha Gesi Kilicholetewa Gesi kwa Lori

Sikuwa na gari. Sikuwa na shamba. Sikuwa na mtoto ng'ambo wa kunitumia chochote mwisho wa mwezi.

Cheti cha sekondari sikuwa nacho mpaka nilipofikisha miaka arobaini na sita, na nilikipata kwenye masomo ya jioni, dawati moja na vijana ambao ningeweza kuwazaa.

Sikuwa na meno mawili ya mbele.

Na zaidi ya yote, sikuwa na akili ya kujiuliza swali moja dogo: kisima cha gesi kinaletewaje gesi kwa lori?

Kaa nikusimulie. Ukicheka, cheka tu. Mimi mwenyewe nimeshacheka, ingawa sikuanzia hapo.

Kwa miaka thelathini na moja nilikuwa msoma mita wa idara ya maji. Kazi yangu ilikuwa kutomwamini mtu. Mwenye nyumba anakuapia kwamba bomba lake halijatoa tone tangu mwezi uliopita. Wewe unainama, unafuta kioo, unaangalia mshale. Mshale ukizunguka, maji yanapita. Mshale ukilala, hakuna kitu. Basi.

Mtaani waliniita Mwalimu, ingawa sijawahi kufundisha hata kuku. Ni kwa sababu ya daftari langu. Ninalo daftari la jalada gumu ambamo nanakili kila sentensi nzuri ninayokutana nayo, na kuipigia mstari mwekundu kwa rula.

Nilipostaafu nikapewa kiinua mgongo. Ndipo akatokea Bwana Tai.

Tulimwita hivyo kwa sababu hakuna aliyewahi kuiona shingo yake bila tai. Alikuwa afisa wa hisa wa kampuni moja ndogo ya mafuta na gesi. Ndogo kweli: kisima kimoja, na ofisi ghorofa ya pili, juu ya duka la magodoro.

"Mzee wangu," akaniambia, "kwenye makampuni makubwa wanakula wakubwa. Sisi wadogo tunagawana. Asilimia tano kila miezi mitatu, gawio mkononi. Wewe unalala, kisima kinafanya kazi."

Akanipa taarifa ya mwaka. Kurasa arobaini, karatasi ya kung'aa, na picha ya moto juu ya bomba. Niliisoma yote, neno kwa neno, kamusi pembeni.

Nikanunua.

Gawio la kwanza likaingia. La pili likaingia. Jamani, nilivimba! Nikaanza kutembea nimefunga mikono mgongoni. Kinyozi akinisalimia, namjibu kwa bei ya pipa la mafuta duniani.

Sasa, dada yangu mdogo ni fundi cherehani. Miaka ishirini ameshonea kwenye chumba kimoja cha kupanga, kando ya barabara, pale pale wateja wanapomjua. Mwenye nyumba akataka kukiuza. Akampa dada nafasi ya kwanza, mpaka mwisho wa mwaka. Yeye na mumewe, shemeji yangu muuza mitungi ya gesi, walikuwa wameshafikisha nusu ya bei.

Nikamwendea. Nikamwambia hiyo nusu ikikaa kwenye sanduku itabaki nusu.

"Kaka, hizi ndizo zote tulizo nazo," akasema, pini mdomoni. "Una hakika?"

"Mimi nimesoma taarifa nzima. Wewe shona."

Akashona. Mimi nikapeleka nusu yake kwa Bwana Tai.

Gawio la tatu likaja nono kuliko yote. Nikajinunulia suti ya kijivu, maana kampuni ilikuwa imetualika wanahisa kwenda kukiona kisima chetu. Chetu!

Tulikwenda kwa basi la kukodi. Tukapewa soda na kofia ngumu za plastiki. Na kweli, ndani ya uzio lilisimama bomba refu, na juu yake moto wa kimo cha mtu ukinguruma. Watu wakapiga makofi. Mama mmoja alitokwa na machozi. Mimi nikatoa daftari.

Mke wangu akanivuta mkono wa suti.

"Baba watoto, lile lori la nini?"

Nyuma ya banda palikuwa na lori. Vijana wawili walikuwa wanashusha mitungi mikubwa na kuibiringisha ndani.

"Mkanda wa kijani ule," akasema. "Mitungi ya shemeji yako hiyo."

"Hebu nyamaza, unaniaibisha mbele ya wanahisa wenzangu."

Akanyamaza. Kunyamaza kwake nakujua. Si kwa kukubali.

Nikasogea kwenye bomba. Lilikuwa na mita. Kioo safi kabisa, sikuhitaji hata kufuta. Mshale umelala kwenye sifuri, usingizi wa pono.

Miguu yangu ilisimama yenyewe. Miaka thelathini na moja si mchezo.

"Bwana Tai, mita hii mbona haisogei?"

"Aa, mzee wangu! Mita ya gesi si kama ya maji. Hii inasoma kwa ndani."

Nikaitikia kwa kichwa kama mtu aliyekuwa anajua ila alitaka tu kuhakikisha. Kisha, Mungu anisamehe, nikaandika kwenye daftari: "Mita ya gesi husoma kwa ndani."

Kesho yake asubuhi mke wangu alinitangulia kwenye stoo ya shemeji. Nilimkuta ameketi juu ya mtungi.

"Shemeji, ile kampuni ya kisima unawauzia gesi?"

"Wateja wangu namba moja!" shemeji akasema kwa furaha. "Mitungi mikubwa arobaini kila wiki, wanalipa papo hapo. Nauza huku, nagawana huku. Shemeji Mwalimu ametutoa!"

"Ya nini, hiyo mitungi?"

"Ya jikoni. Ya kupikia wafanyakazi."

"Wafanyakazi wangapi?"

"Sita."

Shemeji akanitazama, akamtazama mke wangu, akaitazama mitungi yake.

"Mimi nilidhani wanakula sana," akasema.

Tulirudi nyumbani. Mke wangu akaomba ile taarifa ya mwaka. Yeye husoma polepole, kidole juu ya mstari, kusoma alikojifunza mezani kwangu nilipokuwa nikifanya mazoezi ya masomo ya jioni. Nilimwachia. Nikaenda kupiga pasi suti.

Baada ya saa nzima akaniita.

"Ukurasa wa kumi na nne. Nisomee hapa."

Nikasoma kwa sauti: "Gawio la mwaka huu limelipwa kutokana na mauzo ya hisa mpya."

"Hisa mpya kanunua nani?"

"Wanaojiunga."

"Kama nani?"

Sentensi ile ilikuwa imepigiwa mstari mwekundu, kwa rula. Mstari wangu. Nikafungua daftari. Imo, namba mia mbili na kumi na mbili, na pembeni nimeandika kwa mkono wangu: "Fupi, safi, haina neno la ziada."

Wezi walikuwa wameniandikia kabisa kwamba wanaiba, mimi nikawapa alama.

Halafu nikaiona suti ikining'inia mlangoni. Gawio la tatu. Lililoingia wiki mbili baada ya dada kutoa fedha zake.

Nilikuwa nimevaa chumba cha dada yangu.

Nikaenda ofisini juu ya magodoro. Bwana Tai alinipokea kwa heshima zote. "Hisa zako zipo, mzee wangu, na za dada yako zipo. Mnaweza kuuza saa yoyote. Mtafute tu mnunuzi."

Wiki hiyo hiyo mnunuzi akaja mwenyewe. Fundi viatu wa kona ya pili, mikono ina rangi ya viatu mpaka kwenye viwiko, bahasha kifuani.

"Mwalimu, na mimi niingize. Uniuzie hata chache."

Bahasha ile ilitosha kumwokoa dada. Wallahi, mdomo ulishafunguka: "Gawio lake ni..."

Mke wangu alikuwa anafagia. Ufagio ukasimama.

"...ni uongo," nikasema. "Rudi na pesa zako. Mita imelala."

Fundi viatu akacheka kwa hasira. "Mmeshashiba, sasa mnafunga mlango!" Mpaka leo hanisalimii. Anadhani nilimnyima utajiri.

Polisi nilikwenda. Wakafungua faili. Kama kile kisima, limefunguliwa na halijatoa kitu.

Mwisho wa mwaka ukafika, chumba kikauzwa kwa mtu mwingine. Nikampigia dada.

"Usinipigie, kaka. Wewe si bingwa wa kuandika? Niandikie."

Akakata.

Nikaandika kurasa nne. Hali ya soko la dunia. Ugumu wa uchimbaji. Ujanja wa vijana wa siku hizi. Nikampa mke wangu aone kama inatiririka.

Akachukua kalamu yangu nyekundu. Na rula.

Akafuta ukurasa wa kwanza wote. Akafuta wa pili. Alipomaliza ilibaki mistari mitatu, nikainakili upya:

"Nilisoma, sikuelewa, nikakwambia wewe shona. Nisamehe. Chumba changu cha mbele, chenye mlango wa barabarani, ni chako na cherehani zako, bila kodi. Meza na vitabu nimeshavitoa."

Vitabu sasa viko chini ya kitanda. Suti nimeiuza, na fedha yake nimeituma kwa mkono wa shemeji.

Wewe unayenisoma, unayeambiwa kuna kampuni ndogo inayolipa vizuri, usiulize gawio ni asilimia ngapi. Uliza linatoka wapi. Ukijibiwa kwamba mita inasoma kwa ndani, rudisha kofia yao, panda basi.

Nikaikunja barua, nikailamba bahasha, mke wangu akaikandamiza kwa kiganja. Tukaenda wote mpaka kwenye sanduku la barua.

"Umeisoma anwani?"

"Mara mbili."

"Soma ya tatu."

Nikaisoma. Nikaitumbukiza.